Kugonjwa si kuacha kazi

Vijana wenzetu wa Lubumbashi, Kolwezi, Bukavu, Kisangani na kwingine kote,

Tuseme wazi kitu chenye mapatroni wengi hawapendi kijulikane. Katika inchi yetu, mutu akigonjwa na munganga akamuandikia kupumzika, kazi yake haijaisha. Kontra inasimama kwa muda tu. Na wakati kontra imesimama, mushahara hausimami wote.

Hii si maneno ya barabarani. Iko ndani ya Code du travail, sheria nambari 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002. Inasema mufanyakazi mwenye kugonjwa ao mwenye kupata ajali anaendelea kupokea theluthi mbili za mushahara wake, ni kusema franka mbili juu ya kila tatu, pamoja na allocations familiales bila kukatwa. Fanya hesabu: kama unalipwa dola 300 kwa mwezi, patroni anapashwa kukupa 200 kila mwezi ukiwa kitandani. Na matunzo ya hospitali, yako na ya jamaa yako, yanabaki juu yake mpaka kontra iishe.

Sasa tuangalie namna mambo yanapita kwa kweli. Siku tatu za kwanza, patroni anavumilia. Wiki ya pili, anaweka mutu mwengine kwenye nafasi yako. Mwisho wa mwezi anasema: "Haukutumika, nitakulipa juu ya nini?" Mwezi wa pili hapokei tena simu. Siku unarudi na sertifika ya munganga mukononi, unaambiwa: "Weye mwenyewe njo uliacha kazi." Hakuna barua, hakuna préavis, hakuna hata franka moja.

Hapo sheria imevunjwa mara mbili. Ya kwanza, pesa yako haikulipwa. Ya pili, kugonjwa hakumpi patroni haki ya kukufukuza. Ni mpaka ugonjwe miezi 6 bila kukatika njo anaweza kukuandikia kwamba kontra inaisha. Hata pale, anapashwa kukulipa pesa sawa na ile ya préavis. Na kama uliumia kazini, ao kazi yenyewe njo ilikuletea ugonjwa, hata ile miezi 6 haimpi ruhusa.

Lakini sisi tumezoea njia ingine. Mwenzetu akilazwa, tunafungua grupu ya WhatsApp na tunaanza kuchanga. Roho hiyo ni nzuri, na tusiipoteze. Tujue tu kitu kimoja: tukichanga juu ya mutu mwenye iko na kazi, mara mingi tunalipa deni la patroni wake. Mama mwenye kuuza ndakala sokoni, mwanafunzi mwenye kutoa pesa yake ya transpori, wote wanabeba kile sheria iliweka juu ya kampuni. Patroni anaona sisi tunajipanga, naye anatulia.

Na kuna hatari yenye inatugusa wote. Mutu mwenye anajua kwamba akilala nyumbani atakosa mushahara, atafanya nini? Atajificha. Atakohoa wiki tatu bila kwenda kupimwa kifua kikuu, maana dawa yake inachukua miezi 6 na anaogopa patroni asikie. Atakohoa ndani ya basi, jikoni mwa restora, kwenye giche ya duka. Mama mwenye alipasuliwa atarudi kazini mbele kidonda kipone. Tunasema "mukongomani ni mugumu". Kumbe ni woga wa kulala njaa.

Wengi mutajibu: "Miye siko na kontra, niko journalier." Ni hapo njo wanatuchezea zaidi. Sheria ile ile inasema: ukiisha kutumika siku 22 ndani ya miezi miwili, na patroni akakuchukua tena mbele ile miezi miwili iishe, kontra yako inahesabika kuwa ya muda usio na mwisho. Na kukosa karatasi si kukosa kontra. Mufanyakazi anaweza kuonyesha kwa njia zote kwamba anatumika pale. Kwa hiyo chunga kila kitu: ujumbe wa patroni, SMS za M-Pesa ao Airtel Money, baji, orodha ya zamu, picha ukiwa kazini.

Tuwe wa kweli pia. Kampuni kubwa ya mine, banki ao shirika la simu haliko na kisingizio. Lakini mwenye farmasi ndogo, na wafanyakazi wawili, akilipa theluthi mbili ya mugonjwa miezi 5 na mushahara muzima wa mwenye kumusaidia, duka linaweza kufunga. Muzigo wote uko juu ya mutu mumoja, njo maana wengi wanakimbia na kujifanya hawajui sheria.

Kosa hapa ni la serikali. Kila mwezi CNSS, yenye zamani tuliita INSS, inapokea 18% ya mushahara: 5% inatoka kwako, 13% inatoka kwa patroni. Pesa hiyo ni juu ya pensheni, juu ya jamaa, na juu ya ajali na magonjwa ya kazi. Ukigonjwa malaria kali, figo ao moyo, hakuna sanduku lenye kukulipa mushahara. Ule mupango wa afya kwa wote, wenye ulianza na uzazi bure Kinshasa mwezi wa 9 wa 2023, unalipa hospitali. Haununui unga wa nyumbani. Na Katiba, kifungu cha 36, inaahidi mufanyakazi na jamaa yake maisha yenye heshima. Heshima hiyo haiwezi kukoma siku homa inaingia.

Kwa hiyo tunaomba, na hatutachoka kuomba:

1. Inspection du travail ishuke kwenye kampuni, kwanza zile zenye kujaza ma journalier miaka na miaka, na ikague namna wagonjwa wanalipwa.

2. Serikali na Bunge waweke ndani ya CNSS tawi la ugonjwa wa kawaida, kila mutu achange kidogo, ili patroni mudogo asibebe muzigo peke yake.

3. Masendika zifundishe haki hii kwa luga zetu, si kwa Kifaransa cha wanasheria peke yake.

Na weye, kama uko mugonjwa leo: omba sertifika siku ile ile, tuma kopi kwa patroni na uchunge hakika kwamba aliipokea. Omba theluthi mbili zako kwa barua. Usitie saini kwenye karatasi yoyote yenye kusema umeacha kazi, hata wakikuahidi "kadogo ya dawa". Akikataa, peleka mambo kwa Inspection du travail. Kule njo kunaanza mapatano, na bila kupita pale tribinali ya kazi haitakupokea. Usingoje sana, maana madai ya mushahara yako na wakati wake.

Kama kuna mwenzako amelazwa, musomee hii kwanza. Kisha muende wote wawili kuandika ile barua.