Mwisho wa Dunia na Mdomo wa Mhubiri



Sisi wa Shanzu mambo ya Shakahola hatukuyasikia redioni tu. Mnamo Januari 2024 Paul Mackenzie na wenzake walishtakiwa kwa ugaidi papa hapa, katika Mahakama ya Shanzu, wakakana. Basi siku moja kukazuka ubishi darasani. Mwenzangu mmoja akasema serikali ipige marufuku kuhubiri mwisho wa dunia. Wengi wakapiga makofi. Mimi nikapinga, nikazomewa, na kwa kuwa kengele ililia kabla sijamaliza, namalizia hapa.

Kwanza, ni kanisa gani lisilohubiri mwisho wa dunia? Hata ndugu zetu Waislamu hufundishwa habari za Kiyama madrasa. Nyanya yangu, kila mvua ikichelewa, husema hizi ni siku za mwisho, kisha huyo anakwenda kupalilia mahindi yake. Naye akamatwe? Ibara ya 33 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu uhuru wa kujieleza. Inachokataza ni mambo kama uchochezi wa ghasia na matamshi ya chuki.

Tena marufuku humsukuma mtu mafichoni. Mackenzie alipohubiri Malindi mjini, watu walimsikia, na mwaka wa 2017 alikamatwa akishutumiwa kuwazuia watoto wasiende shule. Alipofunga kanisa mwaka wa 2019 akahamia msituni, jirani wa kumsikia hakuwapo. Kuanzia Aprili 2023 miili zaidi ya 400 ikafukuliwa huko. Wengi walikuwa wamekufa njaa, na watoto hawakuwa wachache.

Hapo kwa watoto ndipo ninapoweka mpaka wangu. Kusema dunia itakwisha ni maneno. Kumwambia mzazi amtoe mtoto shule, asimpeleke hospitali, asimpe chakula, hayo si maneno tena, hiyo ni kazi imeshaanza, na polisi waje siku hiyo hiyo wasingoje makaburi. Mtu mzima akichoka na mahubiri huinuka akatoka. Mtoto wa miaka sita atatoka aende wapi? Ile ibara ya 33 imesema kila mtu, kwa hivyo naye ana uhuru wa kusema. Je, alipolia njaa, nani alimsikiza?

Mwenzangu bado ashikilia kwamba mimi natetea wahubiri. Haya, na ajibu katika toleo lijalo.