Ile 1,500 ya LUKU ingerudi mtaani kwetu

Wajasiriamali wenzangu wa mtandaoni, hebu tuongelee ile 1,500 inayokatwa kila mwezi ukinunua umeme. Wengi tunadhani ni makato tu ya LUKU. Ile ni kodi ya majengo. Ilianza kukatwa kwenye LUKU Agosti 2021 ikiwa 1,000 kwa nyumba ya kawaida, na mwaka 2023 ikapanda kuwa 1,500, yaani 18,000 kwa mwaka.

Inatuhusu sana sisi tusio na fremu. Sebule ndiyo stoo, na barabara ya mtaa ndiyo mlango wa duka. Mteja wa Dodoma akiagiza asali au mafuta ya alizeti, mzigo lazima utoke uchochoroni ufike stendi ya Misuna kabla basi halijaondoka. Mvua ikinyesha, boda anaongeza bei au anakwambia "mama, njoo nayo hadi lami." Faida ya dumu moja imeishia hapo.

Marekani, miji kama Chicago huchora mpaka kuzunguka eneo lililochakaa na kuandika thamani ya majengo yake siku hiyo. Kwa miaka 23, thamani ikipanda, kodi ya ile nyongeza inatumika humohumo: barabara, mitaro, taa. Nao wana malalamiko yao, kwamba shule zinakosa hela na wawekezaji wakubwa ndio wanaofaidi. Kwa hiyo sisemi tuige kila kitu.

Kwetu nyumba ya kawaida ya Ipembe karibu na soko na ya Mtipa zinakatwa sawa. Lami ikipita, kiwanja kikapanda bei mara mbili, makato ni yaleyale. Mimi sitaki yapande, maana mwenye nyumba atamtupia mpangaji. Ninachotaka ni sehemu ya hela hiyo irudi mtaani na tusomewe kwenye mkutano wa mtaa: imekatwa kiasi gani, imefanya nini. Nyumba 500 za kawaida ni milioni 9 kwa mwaka. Haijengi lami, najua. Ila kwa moramu na kuzibua mitaro ni hela ya maana, na boda angeingia.

Na kutenga fungu siyo jambo geni. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya vikundi: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Kama hilo limewezekana, la mtaa linashindikana nini? Diwani akipita, muulizeni hilo.

Kwa mliopanga: kodi hii ni ya mwenye jengo, siyo yako. Usifute meseji za LUKU. Siku ya kulipa kodi ya pango, jumlisha makato ya mwaka mzima, muoneshe mwenye nyumba kwa heshima, muelewane akupunguzie. Kama mita mnachangia wapangaji wanne, hesabuni pamoja, asiende mmoja akaonekana mkorofi. Na nyumba moja ikiwa na mita mbili zote zinakatwa, mwenye nyumba aende halmashauri na namba za mita, ibaki moja.