Ndagala na mboga kwa chakula cha jioni

Juma hili tupike ndagala wa ziwa letu. Kule India, elimu ya kale ya Ayurveda inafundisha kwamba chakula ni dawa: kiliwe kingali moto, na tangawizi isaidie tumbo. Hata sisi tunaweza.

Tuoshe ndagala wakavu kwa maji moto mpaka mchanga wote utoke. Mawese tuyapashe kidogo tu. Yakichomwa mpaka kuwa meupe, vitamini A inapotea. Tutie kitunguu, nyanya, tangawizi, ndagala, na mwishoni lengalenga.

Tukigawa, tusimpe mtoto bugali na mchuzi tu. Kinachojenga mwili kimo ndani ya samaki mwenyewe, na mifupa ya ndagala inaimarisha mifupa yake. Aliye mdogo, tumsagie kwanza.