Diwani Bila Kadi ya Chama

Mtaa mzima unamjua. Ndiye anayepita na daftari kuchangisha fedha za kuzibua mtaro kabla ya masika, na ndiye anayegongewa mlango saa nane usiku mgonjwa akikosa bajaji. Majirani wanamsukuma achukue fomu ya udiwani. Swali analokutana nalo la kwanza si atalitetea vipi soko la kata kwenye vikao vya halmashauri ya jiji, bali ana kadi ya chama gani.

Hana. Safari imeishia hapo, kwa kuwa sheria hairuhusu kugombea bila chama.

Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo Arusha hapa hapa, iliamua kwamba kumzuia mgombea binafsi ni kukiuka haki za raia. Mchungaji Christopher Mtikila, aliyeipigania kesi hiyo, alifariki 2015 bila kuona sheria ikibadilika.

Tunatishwa kwamba wagombea binafsi wataleta vurugu. Kenya wanaruhusiwa chini ya Katiba ya 2010, na mabunge ya kaunti yanakutana kama kawaida. Chama kiteue watu wake, sawa, kisituchagulie wetu. Bunge lirekebishe sheria kabla ya fomu za 2030 kutolewa.