Kishikwambi si cha kumwanika mtoto (Sehemu ya 4)

Walimu wangu wa Bariadi na Simiyu yote, leo mnivumilie. Vile vishikwambi vya Sensa ya 2022 mlipewa mfundishie, na wengi mnafundishia kweli. Ila wewe unayerusha kwenye grupu la WhatsApp picha ya mtoto na daftari lake la sifuri, jina linasomeka, watu wacheke, nakusema wewe!

Mimi nesi nikirusha picha ya kidonda cha mgonjwa mtanisema, na mtakuwa na haki. Mwanafunzi yeye hana siri? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inahesabu taarifa za mtoto kuwa nyeti. Usiniambie ulikuwa unatania. Mtoto akiona aibu haji shule, halafu unamwita mtoro. Futa hiyo picha leo, ufundishe.