Dodoma inahesabu miche, nani anahesabu kilichomo porini?

Kila Agosti, viwanja vya Nanenane Nzuguni hugeuka soko la miche. Mtu anaingia kutazama trekta, anatoka amekumbatia kiriba cha mparachichi. Tangu kampeni ya Dodoma ya Kijani izinduliwe Desemba 2017, idadi ya miche imekuwa habari ya kila mwaka: shule hii imepanda mingapi, halmashauri ile mingapi.

Hesabu hiyo si mbaya. Shida ni kwamba ndiyo pekee inayosikika.

Ukitoka nje ya viwanja hivyo unaona upande wa pili. Nzuguni ndiko iliko stendi kuu ya mabasi na Soko la Job Ndugai, na nyumba mpya zinaota kila kona. Mkoa wa Dodoma ulikuwa na watu milioni 2.08 mwaka 2012. Sensa ya 2022 ikakuta milioni 3.08. Watu hao wanapika, wanaezeka, wanamwaga zege. Mkaa, mbao na kokoto havidondoki kutoka mbinguni, vinatoka kwenye mapori na vilima. Na huko porini kuna viumbe ambavyo vikiisha, havipandwi upya kwenye kiriba.

Sampuli zinaruka nini

Tanzania ina takwimu za misitu, tena nzuri. Tathmini ya kitaifa inayojulikana kama NAFORMA, iliyofanyika kuanzia 2009, ilikuta misitu ya Bara ni hekta milioni 48.1, zaidi ya nusu ya eneo la nchi kavu. Baadaye serikali ilikadiria kwamba tunapoteza hekta 469,000 kila mwaka. Ni namba zinazotisha, na ndizo hutajwa bungeni.

Lakini hizo ni hekta. Ukitaka kujua ni mti gani au mnyama gani anapotea ndani ya hekta hizo, namba hizi zinanyamaza.

Sababu yake ni ya kiufundi, ila inaeleweka. NAFORMA ilipima viwanja vya sampuli zaidi ya 30,000, na kila kimoja ni mduara ambao ukisimama katikati, ukingo uko mita 15. Ukivijumlisha vyote havifiki hekta 2,500, katika nchi yenye ardhi ya hekta milioni 88. Kwa kukadiria ujazo wa mbao, sampuli hiyo inatosha kabisa. Kwa mti uliobaki mmojammoja bondeni, ni sawa na kutafuta sindano kwenye ghala la alizeti.

Mfano upo, ingawa si wa Dodoma. Mti uitwao Karomia gigas ulitambuliwa Kenya mwaka 1977 kwa mti mmoja tu, na mti huo ukakatwa. Ulionekana Tanzania mwaka 1993, kisha ukapotea hadi ukaorodheshwa kuwa umetoweka duniani. Mwaka 2011 wataalamu wa mimea wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakaupata tena kusini mwa nchi. Miti mikubwa inayojulikana ni makumi tu. Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS) na bustani ya mimea ya Missouri ya Marekani wamekuwa wakiilinda na kuhangaika na mbegu zake, ambazo nyingi hazioti.

Huo mti haukuokolewa na takwimu za hekta. Uliokolewa na watu waliojua wanachotafuta, wakaenda kwa miguu.

Kobe wa kwenye nyufa

Sasa turudi nyanda za kati. Kwenye majabali ya Dodoma na Singida anaishi kobe bapa, ambaye watalii wamezoea kumwita kobe-chapati. Gamba lake ni laini na amebanwa kama amekanyagwa. Akishtuka hajifichi ndani ya gamba kama wenzake, anakimbia kwenye ufa wa jiwe na kujikaza humo.

Kwa kawaida jike hutaga yai moja kwa wakati. Weka hilo akilini, maana ndilo linaloeleza kila kitu. Kobe wa hivyo akivunwa kwa wingi na wafanyabiashara wa wanyama wa kufugwa, hawezi kurudi haraka. Mwaka 2019 aliingizwa daraja la juu kabisa la hatari kwenye Orodha Nyekundu ya dunia, na mwaka huohuo mkataba wa CITES ukapiga marufuku biashara ya kimataifa ya kobe wa porini.

Daraja hilo halitolewi kwa huruma. Spishi huingia humo ikionekana imepungua kwa asilimia 80 au zaidi ndani ya miaka 10 au vizazi vitatu, kipindi kipi kiwe kirefu zaidi. Au ikibaki na wakubwa wanaozaana chini ya 50. Vipo vigezo vingine, ila wazo ni lilelile: kasi ya kupungua, ukubwa wa eneo na idadi iliyobaki.

Biashara imebanwa. Nyumba yake je? Ufa wa jiwe ni nyumba, na jiwe ni kokoto. Leseni za kuchimba mawe zinatolewa na Tume ya Madini, msitu uliozunguka kilima uko chini ya TFS au kijiji, na kobe mwenyewe anahesabiwa kama mnyamapori, idara nyingine. Kila ofisi inaweza kufanya kazi yake vizuri kabisa na bado kilima kikaondoka na kobe wake, kama hakuna karatasi moja inayowakutanisha wote watatu kabla nyundo haijaanza.

Mti usio hatarini, lakini haupo

Kwa miti kuna mtego wa aina nyingine. Mninga haumo kwenye madaraja ya hatari ya kutoweka duniani, kwa sababu umeenea kutoka huku hadi kusini mwa Afrika. Lakini muulize seremala yeyote wa Dodoma ubao mpana wa mninga anaupata wapi siku hizi. Spishi inaweza kuwa salama duniani na ikawa imekwisha wilayani kwenu.

Ndiyo maana Novemba 2022, kwenye mkutano wa CITES Panama, nchi zilikubaliana kuiweka jamii ya mninga wa Afrika kwenye orodha ya biashara inayodhibitiwa. Mpingo na ndugu zake walikuwa wameingia tangu Januari 2017. Maana yake ni kwamba kabla gogo halijavuka mpaka, nchi inapaswa kuonyesha kwamba uvunaji ule hauimalizi spishi. Huwezi kuonyesha hilo kama hujui miti mingapi imesimama, ya unene gani, na midogo mingapi inakuja nyuma yake.

Kuna Watanzania wanaolifanya hili tayari. Kilwa, vijiji vyenye misitu ya mpingo vilipata cheti cha kimataifa cha uvunaji endelevu mwaka 2009, vya kwanza Afrika kwa msitu wa asili unaosimamiwa na wanakijiji. Siri yao haina ajabu: wanapima kwanza, wanaweka kiwango, kisha ndiyo wanauza. Mpingo chini ya sentimita 24 haukatwi.

Nyanda za kati hazina mpingo wa kutajirisha vijiji namna hiyo, na hapo ndipo ugumu wa Dodoma ulipo. Vichaka vya Itigi, upande wa Manyoni, havina mbao ya maana. Ni vichaka vizito vya mita tatu hadi tano, vinapukutika kiangazi, na mpita njia anaona pori la kuchomea mkaa tu. Kumbe uoto wa aina hiyo unapatikana hapo na kwenye mpaka wetu na Zambia, basi. Kisichouzika hakipimwi, na kisichopimwa ni rahisi kukigawa kuwa shamba.

Sheria ya Misitu ya 2002 inataka mpango wa usimamizi kwa misitu iliyohifadhiwa. Mahali pa kuandika majina ya spishi zilizo hatarini, ziko wapi na mipaka gani isiguswe, ni humo. Orodha iliyopo Ulaya kwenye tovuti haimzuii mtu mwenye msumeno Chemba. Mpango wa msitu wenye ramani, ambao mtoa kibali analazimika kuufungua, unaweza.

Na mwenye simu mkononi asijione hahusiki. Ukikutana na kobe bapa kwenye kilima, picha yako ukiiweka kwenye programu kama iNaturalist inaweza kuwa taarifa ya kisayansi, na programu hiyo hufifisha yenyewe mahali halisi pa spishi zilizo hatarini. Grupu la WhatsApp halifanyi hivyo. Ukituma picha pamoja na lokesheni, umemchorea mwindaji ramani.