Chombo Kinachokula

Wazee wengi wa pwani hulalamika kwamba vijana wa leo ni watu wa israfu: mfukoni hawana kitu, na nyumbani mwao mna friji, runinga na simu mbili tatu. Lawama hii, kwa maoni yangu, haikuelekezwa mahali pake. Tofauti kubwa baina yetu na bibi zetu si wingi wa vyombo. Ni namna vyombo vinavyolipiwa.

Hebu tuitazame nyumba ya bibi, iwe Mombasa au Lamu. Mlikuwa na kasha lililopigwa njumu za shaba, kitanda cha mvule, sinia, birika, kinu na mchi, na mbuzi ya kukunia nazi. Vitu hivyo havikuwa rahisi kupatikana. Pengine mtu alijinyima miaka. Lakini vikishanunuliwa, vimenunuliwa. Kinu hakikudai kitu mwisho wa mwezi. Sinia iliyopakuliwa pilau ya harusi ya mama ilipakuliwa na ya binti, kisha ikarithiwa.

Chombo cha leo hula. Friji hula tokeni za stima. Jiko hula gesi. Simu hushibishwa bando asubuhi, na jioni ikalia njaa. Hata runinga, iliyokuwa ikitosheka na antena juu ya paa, matangazo ya analogi yalipozimwa mwaka 2015 ilitaka king'amuzi, na vingine katika hivyo hutaka malipo kila mwezi. Shilingi ishirini hapa, hamsini pale. Bandu bandu huisha gogo.

Mjerumani mmoja, Ernst Engel, aliandika mwaka 1857 kwamba kadiri pato la nyumba linavyozidi, ndivyo sehemu yake iendayo kwenye chakula inavyopungua. Hapa Kenya, wakuu wa takwimu walipopanga kapu lao la bei la mwaka 2009, chakula na vinywaji visivyolevya vilipewa takriban shilingi 36 katika kila mia. Katika kapu la 2019 zikawa kama 33. Msomaji atasema: alhamdulillahi, tumeneemeka. Huenda. Lakini mama anayepika wali mkavu ili mwanawe apate bando la masomo, naye pia amepunguza fungu la chakula. Hesabu haiwezi kumtenga huyu na aliyeshiba.

Sisemi tuvitupe vyombo hivi. Friji imempunguzia mama safari za markiti, na gesi imemwepusha na moshi. Wanaosifu sana kinu, aghalabu, si wale waliotwanga.

Ninachokiogopa ni deni. Tangu mwaka 2012 mikopo ya simu imeenea, na mtu hukopa akiwa amelala kitandani, bila shahidi wala haya. Nyongeza inayotozwa huitwa ada. Jina ni zuri. Lakini kabla hujabonyeza, muulize sheikh wako kama kubadili jina kunabadili riba. Na deni hili huanza mapema, maana wazazi wa siku hizi wakikaa kupanga harusi, orodha ya vyombo huwa ndefu kuliko mahari yenyewe. Kukopa harusi, kulipa matanga.

Basi nasaha yangu ni nyepesi. Kila chombo kina bei mbili: ya dukani, na ya kukilisha mwaka mzima. Tuziulize zote mbili kabla ya kufungua mkoba. Na enyi wazazi wa maharusi, mnapoandika orodha, andikeni kando ya kila kitu jina la atakayekilisha. Nadhani orodha itajifupisha yenyewe, na vijana wetu wataanza nyumba zao wakiwa na sahani chache, lakini hawadaiwi na mtu.